Maisha Yetu Mjini ni Somo: Tujisomee Wenyewe

Ndugu wafanyakazi,

Wako wenzetu wanaosema kwamba nadharia ni kazi ya wasomi wa Makerere, na kwamba mtu aliyetoka zamu ya usiku hana haja nayo. Mimi nasema wanakosea. Nadharia za watu wengine juu ya maisha yetu ndizo zilizopima ukubwa wa vyumba vyetu na uzito wa mishahara yetu.

Tazameni historia. Wakati wa ukoloni wakubwa walishika wazo moja: Mwafrika ni mgeni mjini, amekuja peke yake, kesho atarudi kijijini. Kwa wazo hilo alipewa kitanda cha kapera na mshahara wa kapera. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 1954, kamati ya serikali chini ya Carpenter ilikiri kwamba kima cha chini kilipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, ikashauri kipandishwe hatua kwa hatua hadi kitoshe jamaa. Basi hesabuni wenyewe watoto waliolala njaa kwa sababu ya wazo la mkubwa!

Hapa Jinja tulichunguzwa mapema. Cyril na Rhona Sofer waliuchunguza mji huu nyakati za ujenzi wa bwawa la Owen Falls, na kitabu chao kilitoka mwaka 1955. Mwaka 1960 Walter Elkan alionyesha kwamba mfanyakazi wa Uganda aliyeshikilia shamba lake la nyumbani hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu. Mke alilima, mume alitafuta fedha, na uzeeni palikuwa na pa kwenda. Mwaka 2005 Andrew Byerley wa Stockholm aliandika juu ya Jinja na mtaa wa Walukuba, uliopangwa na wakoloni ili kumtengeneza mfanyakazi wa namna waliyoitaka.

Lakini mpangaji alichora nyumba, hakuchora maisha. Chama cha kuzikana tulikiunda wenyewe. Kiswahili wanachoelewana nacho Msoga, Mteso, Mjaluo na Mlugbara penye mashine hakikutoka katika ramani yake. Wala hakumfikiria mama auzaye posho na maharage nje ya lango, anayetukopesha hadi mwisho wa mwezi. Huo ndio utamaduni wa mjini, wala si ngoma za kupokelea wageni tu. Raymond Williams, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyefundisha madarasa ya watu wazima huko Uingereza, alishikilia tangu mwaka 1958 kwamba utamaduni ni mambo ya kawaida ya watu wote. Naye Mfaransa Henri Lefebvre, tangu 1947, alitaka maisha ya kila siku yachunguzwe kwa makini, kwa kuwa unyonyaji hauishii kwenye lango la kiwanda.

Mtasema, masomo hayajazi tumbo. Kweli. Lakini tukikaa mezani na mwajiri, yeye huja na takwimu, sisi huja na manung'uniko. Nani atashinda?

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila tawi, la kiwandani na la mashamba ya miwa, lichague watu kumi, wanaume kwa wanawake. Kwa mwezi mmoja kila mmoja aandike katika daftari saa ya kuamka, mwendo wa kwenda kazini, bei ya maji, kodi ya chumba, chakula, madeni na michango ya matanga. Aandike pia nani nyumbani alipika na kufua baada ya kazi. Hapo sisi wanaume huenda tukaona haya, na tuone! Majina yasiandikwe, na madaftari yabaki mikononi mwa tawi, yasije yakawa fimbo ya kutupigia. Kisha yasomwe mkutanoni kwa Kiswahili, tujadili: nadharia ipi inasema kweli juu yetu, na ipi inatudhulumu?

Wasomi tuwakaribishe, tuwasikilize, na tuwasahihishe. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Umoja ni nguvu!