Tusiwanunulie Watoto Leseni

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka aliniomba, kama ilivyo desturi, niandike juu ya masomo ya watoto. Waliofaulu Matriki mmewaona katika kurasa zilizotangulia, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiacha madaftari mwaka huu na kuzungumzia leseni za udereva.

Sababu ni hii. Katika karamu moja ya kumpongeza kijana wetu aliyefaulu, baada ya pilau na kabla ya kahawa, baba yake alisimama akatangaza zawadi. Alisema kijana amekwisha fanyiwa mpango wa leseni, mtu amepewa bahasha, na kadi itafika bila ya kijana kusumbuliwa. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, mwalimu wa miaka thelathini na ushei, na sikusema neno. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na hasira, na nyingi katika hasira hiyo ilikuwa juu ya nafsi yangu.

Nasema juu ya nafsi yangu kwani leseni yangu ya kwanza niliipata vivyo hivyo. Ilikuwa mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka 25, nafundisha sekondari katika mkoa wa Tanga. Shule ilikuwa na Land Rover na dereva mmoja mgonjwa, na mkuu wa shule alitaka mwalimu mmoja awe na leseni. Mzazi wa mwanafunzi wangu alikuwa na jamaa yake penye mambo hayo. Sikutoa hata senti. Niliulizwa jina, nikatoa picha mbili, na baada ya wiki mbili leseni ililetwa shuleni pamoja na sahani ya kashata. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuliondoa gari kwenye kilima. Nami sikujua. Niliendesha miaka mitatu katika barabara tambarare nikijiona fundi.

Mwaka 1989 tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la biolojia Amani, kule juu Usambara ya Mashariki, kwenye bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Anayeijua njia ya kupanda kutoka Muheza anajua ninachosema. Penye kona moja lori la magogo lilikuwa linateremka, nikasimama kulipisha. Lilipokwisha kupita nikatoa breki, nikaachia klachi kwa pupa, injini ikazimika, na gari likaanza kurudi nyuma. Lilirudi hatua kumi au kumi na mbili, likaegemea ukingo. Alhamdulillah halikuingia bondeni. Lakini mvulana mmoja alikuwa ameruka nyuma kwa hofu, na gurudumu likampata mguu. Leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na anachechemea. Kila Idi hunitumia salamu, wala hajapata kunilaumu hata siku moja. Lau angenilaumu ningepumua.

Haya sikupata kuyaandika popote. Nayaandika humu kwa kuwa kitabu hiki ni cha jamaa, na ili anayetaka kuniambia kwamba mimi nahubiri tu ajue ninahubiri kutoka wapi.

Sasa tuje Durban. Nilifika hapa mwaka 2005 nikiwafuata ndugu zangu, na ukaazi wa kudumu nikaupata mwaka 2011. Sheria ya hapa humpa mkaazi mpya mwaka mmoja kubadilisha leseni ya kwao kwa ya Afrika Kusini. Mimi nikalala, mwaka ukapita, nikaambiwa nianze upya kama mvulana. Wengi wetu tumelala usingizi huohuo, na aliye na ukaazi mpya mwaka huu aamke leo.

Nikaanza basi na mtihani wa maandishi, nikiwa na miaka 52, nimezungukwa na watoto wa miaka 17 na 18. Una sehemu tatu: sheria za barabara, alama za barabarani, na vifaa vya kuendeshea gari. Ukianguka katika moja, umeanguka mtihani wote. Ukishinda unapewa leseni ya kujifunzia inayodumu miezi 24, na hata hapo huruhusiwi kuendesha peke yako: lazima aliye na leseni kamili akae ubavuni mwako. Kijana wa miaka 17 aweza kuwa na leseni ya kujifunzia gari dogo, lakini mtihani wa njiani hadi atimize 18.

Huo mtihani wa njiani hufuata utaratibu uitwao K53. Vijana wanaucheka, na mimi mwanzo nilicheka. Kabla hujawasha injini huna budi kulizunguka gari, uinamie magurudumu, utazame chini kama mafuta yanavuja, uangalie vioo na taa, mfano wa mtu anayenunua mbuzi mnadani. Kisha ndani: milango, kiti, vioo, mkanda, breki ya mkono, gia. Ndipo kiwanjani, penye nguzo. Kuna kuliingiza gari kinyumenyume baina ya nguzo, kuliegesha sambamba na ukingo, kuligeuza katika njia nyembamba, na kuondoka kwenye mwinuko. Ukigusa nguzo umeanguka. Gari likirudi nyuma kwenye mwinuko umeanguka. Na kila utendalo, vioo kwanza, na kugeuza shingo kutazama pale ambapo kioo hakifiki. Shingo ya mzee, jamaa zangu, ina habari zake.

Nilishinda nguzo zote. Nikafika penye mwinuko, gari likarudi nyuma kiasi cha kiganja. Kiganja kimoja! Mtahini alikuwa binti wa Kizulu, mdogo kuliko wanangu, akaandika kitu katika karatasi yake akaniambia kwa heshima, "Baba, leo imekwisha." Nikashuka. Wapo waliocheka. Mimi nilikuwa nikimwona yule mvulana wa Muheza.

Jioni ile mpwa wangu, ambaye simtaji na ambaye ananipenda, alinijia na habari za mtu wake. "Mjomba, mara hii tu. Wewe umeendesha gari tangu sisi hatujazaliwa." Ni maneno matamu hayo, hasa kwa mtu aliyeaibika. Nilimwomba siku mbili za kufikiri, na ukweli ni kwamba nilifikiri kweli.

Aliyeniokoa ni mkaza mwanangu. Yeye alifaulu mara ya kwanza, nasi tulikuwa tumemngojesha mwaka mzima kwa kuwa kaka zake ndio waliotangulizwa. (Hilo nalo tulitazame. Mabinti zetu wanaambiwa wangoje, kisha ndio wanaotuendesha hospitali usiku.) Alinipeleka Chatsworth, kwa mzee mmoja katika wale Wazanzibari wa huko. Vijana wengi hawajui kisa chao: mababu zao, wengi wakiwa Wamakua, waliokolewa katika majahazi ya watumwa na kushushwa hapa Durban kuanzia mwaka 1873, wakakaa Bluff hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya sitini. Mzee yule ana kipande cha njia kinachopanda kwake kama ngazi. Jumapili nne mfululizo nilipanda na kusimama, kupanda na kusimama. "Baba, sikiliza injini," mkaza mwanangu alikuwa akiniambia. "Ikibadilisha sauti na pua ya gari ikainuka kidogo, hapo ndipo. Breki ya mkono baadaye." Miaka 27 nilikuwa nikiendesha bila ya kujua kwamba injini husema.

Nilipokuwa nangojea tarehe yangu ya pili likatokea la Fields Hill. Tarehe 5 Septemba 2013, lori kubwa lilishindwa kusimama katika mteremko ule wa Pinetown, likaingia njia panda kule chini na kuyakumba mateksi yaliyojaa abiria. Walikufa watu 24. Baadaye malori makubwa yalizuiwa kuteremka njia ile. Sitaki kusema zaidi ya hapo juu ya yule dereva, kwani mahakama ilikwisha sema. Nasema tu kwamba wiki ile sikuweza kumtazama mpwa wangu usoni, naye hakunirejeshea habari ya mtu wake. Mara ya pili nilifaulu.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimekwisha yasikia mezani.

La kwanza ni kwamba mgeni huangushwa makusudi ili atoe kitu. Sikatai. Wapo walioombwa, na baadhi yao ni watu wa kweli wasiosema uongo. Lakini nimewauliza wengi waliorudi wakilalamika, "Uliangushwa kwa kosa gani?" na wengi hawajui. Hawakuitazama karatasi ya mtahini. Nusu yao walikuwa wamejifunza masaa manne. Anayekwenda kiwanjani akijua kila kituo, asiyegusa nguzo, na anayeuliza kwa adabu aonyeshwe kosa lake, huyo ni mgumu kuonewa. Sisemi haiwezekani. Nasema ni mgumu, na akionewa anayo haki ya kushitaki, ambayo aliyetoa bahasha hana.

La pili lina uzito zaidi, nami sina jawabu kamili. Kazi inataka leseni. Kijana amepata nafasi ya kupeleka mizigo, mwajiri anataka kadi mwisho wa mwezi, na tarehe ya mtihani iko mbali. Hata aliyefaulu hungojea kadi: nchi nzima ilikuwa na mtambo mmoja tu wa kuchapia, na ulipoharibika mwaka 2021, na tena 2025, watu malaki walikaa bila kadi. Najua nyumba mbili katika jamaa zetu zilizopoteza kazi namna hiyo. Kwa hao nasema jambo moja: kijana aanze akiwa na miaka 17, akiwa bado shuleni. Tunangoja mpaka njaa ibishe hodi, kisha tunashangaa kwamba bahasha ndiyo njia fupi.

Na sisi hasa, watu wa kuja, tupige hesabu vizuri. Leseni ya hapa imo katika kompyuta ya serikali, na ile iliyopatikana kwa hila yaweza kufutwa. Ajali ikitokea, bima hutafuta kwanza kama dereva alikuwa na leseni halali, kwani hapo ndipo penye upenyo wa kutolipa. Na penye kizuizi cha polisi, mwenyeji mwenye karatasi ya mashaka ana mjomba na shangazi wa kumsemea. Mgeni ana nani? Tuliokuwapo mwaka 2008 na 2015 tunajua jinsi mlango unavyoweza kufungwa kwa sababu ndogo. Mimi sitaki mtoto wetu atembee na sababu mfukoni.

Jamaa zetu waliotoka Bukavu na Goma wana shida yao nyingine, nayo ni ya haki: kule gari huenda upande wa kulia. Wazee wao, hata walioendesha malori miaka ishirini, wasione haya kufundishwa upya. Mkono husahau polepole kuliko kichwa, na ni penye mzunguko, wakati wa mvua, ndipo mkono unapojiamulia.

Tuna kawaida nzuri ya kuchangiana arusi. Naona nyumba hukopa ili ukumbi upambwe maua ya siku moja. Naleta pendekezo kwa kamati: kila kijana anayetimiza miaka 17 tumchangie masomo kumi ya udereva kwa mwalimu anayejulikana, na asiyeweza kutoa fedha atoe gari lake na saa moja ya Jumapili. Kiasi kilichotiwa katika bahasha ile, kwa jinsi kilivyotajwa karamuni, kingetosha masomo hayo na chenji ya petroli.

Siku ya pili baada ya karamu nilikwenda kwa yule ndugu yangu nikamwambia niliyopaswa kumwambia usiku ule. Hakufurahi. Aliniambia nimengoja watu waondoke ndipo niwe jasiri, na hapo alisema kweli. Hajanipigia simu tangu siku hiyo, na akisoma haya huenda akazidi kukasirika. Mlango wangu u wazi kwake.

Kijana mwenyewe alikuja. Alikuja kwa miguu, peke yake, akasema, "Ami, nasikia una nguzo." Ninazo: fito za mifagio nimezisimamisha katika makopo ya rangi yaliyojaa mchanga, na Toyota Corolla yangu ya zamani ambayo haina kitu cha kuharibika tena. Kila Jumapili baada ya alasiri tuko katika uwanja nyuma ya ghala, kwa ruhusa ya mwenyewe. Anayetaka naye aje, awe na leseni ya kujifunzia mkononi, kwani bila hiyo simkalishi mtu penye usukani hata akiwa mjukuu wangu. Aje na viatu vya soli nyembamba. Kijana amekwisha kuja mara tatu. Mwinuko anaupanda vizuri kuliko mimi. Nguzo ya kushoto bado anaigusa.