Dobi si tusi



Juma lililopita, baada ya darasa, mama mmoja alituuliza suali. Mwanawe alirudi kutoka chuoni akilia, kwa kuwa wenziwe walimwita "mtoto wa dobi". Mama huyo hufua nguo katika nyumba za watu. Alitaka kujua: je, neno hili ni tusi?

Tulimjibu kuwa si tusi. Dobi ni neno tulilolipokea kutoka kwa Wahindi, nasi tukalipa wingi wetu, madobi. Maana yake ni mtu afuaye nguo na kuzipiga pasi kwa malipo. Huko lilikotoka, madobi ni tabaka lililodharauliwa, mtu huhesabiwa duni tangu kuzaliwa kwake. Sisi tulichukua neno. Hatukuwa na haja ya kuchukua na dharau yake, kwani Uislamu hauna matabaka ya nasaba, na ubora wa mja mbele ya Mola wake ni uchamungu.

Kiswahili chenyewe kimeipa kazi hii kitenzi chake. Vyombo twaviosha, mikono twanawa, mwili twauoga, lakini nguo twazifua. Na kufua ndiko huko huko kwa mfua chuma na mfua nazi: ni kazi ya nguvu za mikono. Mwenye kuidhania nyepesi na afue shuka moja.

Tena, tuwatazame Hawariyyun, wafuasi wa Nabii Isa (a.s.), waliotajwa katika Suratu Aal Imran, Al-Maida na As-Saff. Asili ya jina lao ni weupe ulio safi. Baadhi ya wafasiri, kama alivyopokea Imam Tabari, wamesema waliitwa hivyo kwa sababu walikuwa wakifua nguo na kuzing'arisha. Wengine wamesema ni kwa weupe wa mavazi yao, na wengine ni kwa usafi wa nyoyo zao. Hawakuafikiana, lakini waliosema kuwa walikuwa madobi hawakuona kuwa wamewashusha daraja. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipotaka kumsifu Zubayr bin Awwam (r.a.) katika vita vya Khandaq, alimwita hawari wake.

Basi aibu haimo katika neno dobi, wala katika jina "mama fua" tulitumialo siku hizi. Aibu i katika matendo yetu. Twamwita mama wa watu afue nguo za siku moja, akifika twamwongezea mapazia na mashuka kwa ujira ule ule. Akimaliza, twamwambia, "Njoo kesho." Ilhali imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaitimiziwa kazi yake, kisha asimpe ujira wake.

Enyi akina mama, pataneni naye ujira kabla hajatia mkono majini, nguo zikiwa mbele yenu nyote wawili. Zikizidi, na ujira uzidi. Mlipeni kabla hajatoka mlangoni. Na watoto wenu wamwamkie "shikamoo" kama wamwamkiavyo mama yeyote.

Tufunguapo swala kwa dua iliyothibiti kwa Mtume (s.a.w.), twamuomba Mola atutakase na madhambi kama inavyotakaswa nguo nyeupe na uchafu. Kumbe kazi ya dobi ndiyo mfano tuliofundishwa kuombea msamaha. Na kanzu zile nyeupe tuendazo nazo Ijumaa, nyingi zimepita mikononi mwa mama kama huyu. Mwanawe na asilie tena. Na wenziwe, wazazi wao wawaongoze waende kumwomba radhi.

Wabillahi tawfiq.