Reli ya Kati Isifie Mikononi Mwetu

Ndugu zangu wa Kilosa, Mpwapwa, Manyoni, Tabora, Kaliua, Uvinza na kote inakopita reli ya kati, naomba mnisikilize.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya reli mpya inawafikisha abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi. Ni jambo kubwa na ninajivunia kama mnavyojivunia. Lakini ndani ya furaha hiyo limezuka neno linalonitia hofu: kwamba reli ya zamani imeshamaliza kazi yake, tuiache ijifie. Anayesema hivyo hajamuuliza mama wa Mpanda anasafiri vipi na magunia yake ya mchele, wala mfanyabiashara wa Kigoma anayepeleka shehena zake bandarini ili zivuke ziwa kwenda Burundi na Congo. Reli mpya inaendelea kujengwa kuelekea magharibi, nasi tunaiombea heri. Huku ikijengwa, watu wanakula, wanaumwa, wanasomesha watoto, na reli wanayoitegemea ni ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 na Mwanza mwaka 1928.

Reli ikishakufa, kuifufua ni kazi ya kizazi kizima. Ile ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa wakoloni wa kulima karanga, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Mpaka leo kusini hakuna treni. Arusha walisubiri miongo kadhaa kabla ya treni ya abiria kurudi Oktoba 2020, na kabla haijarudi ilibidi miti iliyoota katikati ya reli ifyekwe na madaraja yatengenezwe upya.

Sasa tuzungumze kwanza kuhusu mto Mkondoa, maana hapo ndipo penye kidonda chetu kikubwa. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inapita bondeni, bega kwa bega na mto. Maji yake yanatoka mbali, juu kabisa Dodoma, yakishuka na mto Kinyasungwe. Vilima vya huko vikiwa na nyasi na miti, mvua inazama ardhini na mto unapanda taratibu. Vikifyekwa na kuchomwa, mvua hiyo hiyo inateremka kwa siku moja ikiwa imebeba mchanga. Mchanga unajaza mto, kina kinapungua, na maji yanayokosa njia yanapanda kwenye tuta la reli. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba reli katika kipande hicho, safari za abiria za reli ya kati zikasimama kwa miezi, na wenzetu wengi wa Kilosa wakapoteza makazi. Tangu hapo mafundi wamerudi bondeni humo mara nyingi, kila masika wakirudishia tuta lililoliwa na maji.

Serikali ina wajibu wa kujenga mabwawa ya kupunguza kasi ya maji na kuta za kulinda tuta, na tuudai wajibu huo bila kuona haya. Lakini hakuna ukuta utakaoshinda mchanga unaotoka kwenye mashamba yetu wenyewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaijua, na bado tunalima hadi majini. Najua anayelima pale ana njaa, si mhalifu. Kwa hiyo kijiji kinachomwondoa kimtafutie kwanza pa kulima, kisha ukingo upandwe matete na miti ya kienyeji. Watu wa Mpwapwa na watu wa Kilosa wako mikoa miwili tofauti, lakini mto wao ni mmoja. Wakae pamoja.

Jambo la pili ni wizi wa vyuma vya reli vinavyouzwa kama chuma chakavu. Sehemu kubwa ya reli ya kati imelala juu ya mataruma ya chuma yaliyoshikwa kwa bolti na vibanio. Kinachouzwa kwa kilo kwa bei ya mlo mmoja ndicho kinachozuia treni yenye mamia ya watu isipinduke. Hata reli mpya haikusalimika: haikupita muda mrefu tangu safari zianze, tukaanza kusikia habari za nyaya kuibiwa. Mwizi hana soko bila mnunuzi. Nawasihi wanunuzi wa vyuma wa kila mji, kifaa cha reli mnakitambua mkikiona. Kataeni kukinunua, na mwambieni mtendaji wa mtaa nani amekileta. Wazazi, kijana akirudi nyumbani na chuma kizito asichoweza kueleza alikokipata, msinyamaze.

La tatu linawahusu wenye mizigo. Behewa moja linabeba tani 40 hivi. Mabehewa 20 ni tani 800, mzigo ambao barabarani ungehitaji malori makubwa karibu 30, kila moja likikwangua lami tunayoilipia kodi. Mkulima mmoja hawezi kujaza behewa, na ndiyo maana wengi hukimbilia lori la mchuuzi kwa bei anayoitaka yeye. Chama cha msingi cha ushirika kinaweza kulijaza. Vyama vya Tabora na Katavi vikusanye mpunga, mahindi na asali ya wanachama wao, viende stesheni kabla ya mavuno kuagiza mabehewa kwa maandishi, na vidai tarehe ya kupakia kwa maandishi vilevile. Mabehewa yasipokuja siku hiyo, barua ipelekwe kwa mbunge, nakala kwa mkuu wa wilaya. Shirika la reli lenye wateja wanaodai kwa pamoja haliwezi kuwapuuza kama linavyoweza kumpuuza mtu mmoja dirishani.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mtu mzima ana haki ya kusema. Kabla ya mvua zijazo, reli iandikwe kwenye ajenda ya mkutano huo katika kila kijiji kinachopakana nayo: nani atakagua tuta na makalavati, nani atasimamia ukingo wa mto, nani atakwenda stesheni kuuliza mabehewa. Majina yaandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uanze kwa kuwauliza wamefikia wapi.