Yuniti za insulini ziandikwe kwa neno zima

Mhariri,

Wanafunzi wa uuguzi hukariri haki tano za kutoa dawa, yaani usahihi wa mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati. Vizuri, ila mtihani hauwaonyeshi mwandiko wa daktari saa nane za usiku. Chukua mfano wa insulini, ambayo nyingi huwa na yuniti 100 katika kila mililita. Daktari akiandika “10U” kumaanisha yuniti 10, na herufi U ikasomwa sifuri, mgonjwa huchomwa yuniti 100, yaani mililita nzima. Sukari hushuka hadi akapoteza fahamu, pengine na maisha.

Neno “yuniti” liandikwe lote, na insulini ivutwe kwa bomba lake lenye alama za yuniti. Wakufunzi, mzoesheni mwanafunzi kumuuliza daktari kabla ya kuchoma, hata akifokewa.

Muuguzi mstaafu,
Tanga