Kadi ya mtandao: tusinunue kasi ambayo waya wetu haubebi

Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu baharini, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kwenye kafe ninakoshinda watu walibaki wanatazama skrini. Nikaenda kwa kaka yangu anayehariri video za harusi, nikamkuta anapiga kazi kama kawaida. Mafaili yake yanatoka kompyuta moja kwenda nyingine humo humo ndani. Mkongo ukatike usikatike, yeye hana habari.

Siku ile ndo nikaelewa vizuri kwamba intaneti ni kitu kimoja na mtandao wa nyumbani ni kitu kingine. Wengi tunaliwa hela hapo. Mtu ana kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, anaambiwa anunue kadi mpya ili intaneti iende mbio. Jamani, kifurushi kitabaki 20 ile ile. Kadi inaharakisha kinachopita kati ya mashine zako tu.

Lakini sina haki ya kuwacheka wengine, maana kaka mwenyewe nilimponza mimi. Alilalamika kuwa video ya GB 50 inachukua zaidi ya saa nzima kuhama. Nikamwambia kwa kujiamini, "Kaka, nunua kadi ya gigabiti 2.5." Akatoa hela ya kazi ya harusi moja. Tukafunga kadi, mambo yale yale! Alininunia wiki nzima.

Kosa lilikuwa kwenye waya. Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi 8, na fundi alibana 4 tu. Nyuzi 4 zinatosha megabiti 100. Kuanzia gigabiti 1 zinatakiwa zote 8. Tukabana upya, faili likahama chini ya dakika 10. Kibaya zaidi, kadi iliyokuja na kompyuta ilikuwa ya gigabiti 1 tangu mwanzo, na swichi yake mwisho ni gigabiti 1. Ile mpya haikuhitajika kabisa.

Hesabu ni hii: megabiti 100 ni kama megabaiti 12 kwa sekunde, gigabiti 1 ni 125, gigabiti 2.5 ni kama 312. Diski ya kuzunguka mara nyingi haifiki hata 250, kwa hiyo bila SSD pande zote mbili hiyo 2.5 hutaiona. Msafara huenda kwa mwendo wa anayechechemea.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, angalia kwanza kompyuta inasema imeunganishwa kwa kasi gani. Ikisema 100, anza na waya na swichi. Kama kila kitu ni gigabiti na bado hakitoshi, kadi ya gigabiti 2.5 ndiyo chaguo la mtu wa kawaida: inaingia kwenye tundu dogo la PCI Express, na waya wa Cat 5e ukiwa mzima unaibeba hadi mita 100. Lakini swichi nayo iwe ya 2.5. Na wenye zile kompyuta nyembamba za ofisini zilizotumika, hakikisheni kadi ina kibati kifupi, la sivyo boksi halifungiki.

Kadi za gigabiti 10 zilizotumika zinavutia, ila nyingi zinatoa joto kali, na kwa nyumba zetu ni sawa na kununua basi la kubebea mtu mmoja.

Maoni yangu ni kwamba tuendelee kudai mikongo imara, ni haki yetu. Lakini mita 10 za waya wa sebuleni hakuna waziri atakayekuja kuzibana. Nawe ulishawahi kununua kasi isiyoonekana? Tiririka hapo chini.