Bati la Mtoto si Pensheni ya Mzazi

Tuchukue mume na mke wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, wote wawili wakiwa wamevuka miaka 70. Wamelima pamba maisha yao yote. Mtoto wao aliondoka kwenda kuchimba dhahabu Geita, na katika mwaka mmoja wa bahati akawapelekea bati za kuezekea nyumba. Baada ya hapo hakupata tena kitu cha kutuma. Wazee hao wakaomba kuandikishwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Aliyekuja na dodoso akaandika alichokiona: paa la bati. Majibu yaliporudi majina yao hayakuwamo, wala hawakuambiwa sababu. Hatumtaji mtu kwa kuwa huu ni mfano tu. Lakini ni mfano ambao utaratibu wenyewe unauruhusu kutokea, na ofisa yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya kupokea malalamiko hatauona kuwa mgeni.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza Kishapu inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu Mfuko huo huo unaoziangalia kaya za Kishapu ndio unaoziangalia kaya za Micheweni. Tena sisi wa Visiwani tumekwisha kuona kwa macho yetu njia nyingine ya kumtazama mzee. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila ya kumwuliza ameezeka kwa makuti au kwa bati. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mume ana yake na mke ana yake.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, kama jina lake linavyosema, unahesabu kaya, wala hauhesabu mtu. Katika kipindi chake cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi, na nyongeza zikatolewa kwa zile zenye watoto. Wazee wawili wasioishi na mtoto wala mjukuu walibaki na ile ya msingi: shilingi 5,000 kwa kila mmoja, kama waligawana sawa. Mwaka huo wa 2016, wenzao wawili wa Micheweni wenye umri wa miaka 70 walistahili shilingi 40,000 chini ya Pensheni Jamii. Hatuamini kwamba njaa ya mzee wa Kishapu ilikuwa robo ya njaa ya mzee wa Micheweni. Isitoshe, mpokeaji anayeandikishwa katika kaya ni mmoja, na aghalabu ni mama. Akiugua siku ya malipo, au akifariki dunia, bwana wake huanza upya safari ya kuthibitisha kwamba naye ni mtu wa nyumba ile.

Turudi kwenye lile bati. Uandikishaji ulipangwa kuwa na hatua tatu: kwanza kuchagua maeneo, kisha wanakijiji wenyewe kutaja katika mkutano wao kaya zilizo hoi, na mwisho kompyuta kupima majibu ya dodoso kuhusu paa, sakafu, mali na idadi ya wanaokaa ndani. Hatua ya pili ni nzuri, maana wanakijiji huwajua wenzao. Tatizo liko katika ya tatu, kwani kompyuta huliona bati bila kujua lilinunuliwa mwaka gani wala kwa fedha za nani. Kanda ya dhahabu ndiyo mahali ambapo kosa hilo ni rahisi zaidi kufanyika. Vijana wengi wa Shinyanga wanaokwenda Geita na Kahama hawaajiriwi katika migodi mikubwa. Wanaingia katika maduara ya wachimbaji wadogo, ambako mara nyingi ujira ni mgao wa mifuko ya mawe, na mawe hayo yakipita kwenye karasha yasipotoa kitu, kazi ya wiki nyingi imekwenda bure. Mchimbaji wa namna hiyo huweza kununua bati 30 mwezi huu na kukopa nauli ya kurudi kwao mwezi ujao. Hata mgodi mkubwa una mwisho wake: Buzwagi, kule Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021. Kumhukumu mzazi kwa jina la Geita ni kumhukumu kwa uvumi.

Tuseme pia haki ya upande wa pili. Ofisi hizi zina sababu ya kuwa na hadhari. Uhakiki uliofanywa katika kipindi cha kwanza uliondoa zaidi ya kaya 70,000 zisizostahili, zikiwamo za watu waliokwisha kufariki na za watu wenye uwezo wao, na hapana mwenye akili timamu atakayetaka fedha za umma zilipwe kwa maiti. Lakini hadhari ya kumzuia mwongo si ruhusa ya kumnyamazia mkweli. Anayekataliwa apewe barua yenye sababu, kwa Kiswahili chepesi, na barua hiyo isomwe kwake kama hajui kusoma. Ukataaji wa mdomo haukatiwi rufani. Utaratibu wa malalamiko umeandikwa katika miongozo ya Mpango. Kinachotakiwa ni mzee wa kijijini kuukuta mlangoni pake badala ya kuufuata mjini kwa nauli asiyokuwa nayo.

Wako watakaosema kwamba wazee hawa hawakuchangia mfuko wowote wa pensheni. Ni kweli hawakukatwa mshahara, kwa kuwa hawakuwa na mshahara. Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi ulioundwa mwaka 1964 ulikuwa wa watu wa ajira, na NSSF iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ilirithi msingi huo. Hata hivyo pamba ya Usukuma ililetea taifa fedha za kigeni kwa miongo mingi, na bei aliyolipwa mkulima haikupangwa na mkulima. Kama huo si mchango, tungependa kuambiwa uitwe nini.

Fedha zitoke wapi? Swali hilo ni la haki, na Bara yenye watu karibu milioni 60 katika sensa ya 2022 haiwezi kulijibu kwa wepesi uleule wa Zanzibar yenye watu wasiofika milioni mbili. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee tangu miaka 60. Kuanza na wale wa 70, kama Zanzibar ilivyofanya, si aibu. Halmashauri za kanda ya dhahabu hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya migodi. Sheria inazitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazee kama wazee hawamo, na kwa kweli mkopo si dawa ya mtu wa miaka 75. Lakini kama asilimia 10 iliwezekana kutengwa kwa ajili ya hao, Geita na Kahama zinaweza kuanza kutenga sehemu ndogo ya ushuru wa dhahabu kwa wazee wa vijiji vinavyozizunguka, kila mmoja kwa jina lake.

Wabunge kutoka Visiwani hukaa Dodoma pamoja na wale wa Shinyanga na Geita, na bajeti ya Muungano hupita mikononi mwao wote. Tunawaomba waulize mambo mawili: ni kaya ngapi za wazee watupu zilizokataliwa katika mikoa hiyo miwili tangu kipindi cha pili kilipozinduliwa Februari 2020, na ni ngapi kati yake zilizopewa sababu kwa maandishi.