Buti Gumu Halikati Kona

Dai linalopendwa zaidi kwenye maduka ya skii ya Alps ni hili: buti likiwa gumu zaidi, kona zinakatwa vizuri zaidi, kwani hata wanamashindano huvaa yenye namba ya ugumu ya 130 na kuendelea. Ni kweli, wanavaa. Lakini wao hushuka kwa kasi kubwa juu ya barafu, na nguvu inayowakandamiza konani ndiyo inayolikunja buti lile. Mtu wa likizo anayeshuka taratibu hana nguvu hiyo. Kifundo cha mguu kisipokunjika, hukunjika magoti na nyonga peke yake. Makalio yanarudi nyuma na uzito unaangukia visigino. Ncha za skii, ambazo ndizo zingetangulia kuuma theluji ili kona ianze, zinabaki zikielea. Basi mtu anazungusha mabega, anasukuma visigino pembeni, kisha anaambiwa hana ufundi. Laini kupita kiasi nalo halifai: ukiegemea mbele linasalimu amri, nawe unakosa pa kuegemea.

Eti ugumu wa 100 ni 100 popote. Hapana. Kila kiwanda hujipangia namba zake, na 100 ya huyu yaweza kuwa 90 ya yule. Isitoshe, plastiki hukakamaa kwa baridi. Buti lililokunjika vizuri dukani penye joto litakuwa jingine mlimani.

Halafu kuna wanaoshauri uchukue saizi moja zaidi ili vidole vipumue. Kwa maoni yangu, ushauri huu umeharibu watu kuliko ule wa ugumu. Mguu ukicheza ndani ya gamba la buti, goti linaegea upande na skii haina habari, kama usukani wa gari bovu unaozungushwa robo nzima ndipo tairi zigeuke. Mvaaji anakaza bizimu mpaka miguu inakufa ganzi, vidole vinajikunyata kutafuta pa kushika, kisha analaumu ubanaji! Toa bitana, ingiza mguu kwenye gamba tupu, vidole viguse mbele, utazame nyuma ya kisigino. Nafasi ya sentimita moja na nusu hivi inatosha. Ikifika tatu, hilo si lako. Nusu saizi nayo isikudanganye: kwa kawaida 26 na 26.5 hutumia gamba lilelile.

Wa upande wa pili husema buti zuri lazima liume. Vidole kugusa mbele ukisimama wima ni sawa, mradi virudi kidogo ukikunja magoti. Mfupa ukigongwa, fundi hupasha gamba moto na kulitanua hapohapo, kisigino kikabaki kimeshikwa.

"Mwalimu mzuri atarekebisha yote." Mwalimu anayemwambia "egemea mbele" mtu aliyevaa buti lisilokunjika anaagiza jambo ambalo plastiki imelikataza. Kwenye mteremko mwepesi, legeza bizimu za juu ujaribu tena. Kona zikianza kukubali, kosa halikuwa la miguu.